Halbadiri Isiyosomwa

Mimi niliachwa kwa ajili ya njiwa. Wenzangu wameachwa kwa kukosa mtoto, kwa mdomo mrefu, kwa mume kuona sura mpya mtaani. Mimi niliachwa kwa sababu njiwa kumi na tisa walikufa uani kwa mama mkwe wangu, Ngamiani, mwaka wa hamsini na sita, na hakuna aliyejua wamekufa kwa nini. Nasema hakuna aliyejua kwa sababu ndivyo tulivyoambiana wakati ule. Mmoja alijua, na nitafika kwake.

Jina langu Mwanamwema binti Kombo, na kwetu ni Pemba. Siku niliyoingizwa Ngamiani kama bibi harusi, wanawake wa mtaa walinipokea kwa vigelegele na utani. "Mpemba huyo, jamani! Msimkanyage mguu, mtaamka mna mikia!" Nikacheka pamoja nao. Nilikuwa na miaka ishirini, na sikujua kwamba utani wa watu unawekwa, siku ya haja ukatolewa ukiwa si utani tena.

Mume wangu, Massoud, alikuwa mtoto pekee wa Bi Semeni. Alifanya kazi katika kikosi cha kupiga dawa ya mbu, wale wanaopita nyumba hadi nyumba na mabomba mgongoni, wakawatoa watu nje na vyombo vyao, wakanyunyizia kuta. Alikuwa mpole, msafi wa mwili na nguo, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja kama mwari. Nilimpenda. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nina kinyongo cha mke aliyeozwa kwa nguvu.

Bi Semeni naye alipenda njiwa. Walikuwa ishirini na wawili, na aliwatundikia makasha ya chai chini ya paa la jiko, kila kasha na mlango wake. Dume moja jeupe, lenye manyoya mpaka kwenye vidole, alilipa jina Sharifu, na Sharifu alikula mtama kwenye kiganja chake. Bi Semeni aliamini, kama walivyoamini wengi, kwamba njiwa hawakai kwenye nyumba ya fitina; ugomvi ukiingia, wao hutoka. Wake hawakuwa wametoka tangu mumewe alipofariki, na hilo lilikuwa fahari yake kwa majirani. Asubuhi aliwasalimia wao kwanza, kisha mimi. Sikuona ubaya. Mwanamke aliyekaa mjane miaka kumi na moja ana haki ya kusalimia anayemtaka.

Mwezi wa saba tangu niolewe, Massoud alirudi na kopo. Lilikuwa kopo refu la bati nene, lenye mfuniko wa kusokota, zuri kwa kweli. Alilitoboa tundu karibu na mdomo, akalijaza maji, akalipindua juu ya sahani ya bati. Maji yakatoka kidogo kidogo, yakasimama. Njiwa akinywa, yanashuka mengine. Alisema ameona kitu kama hicho kwenye banda la kuku la mzungu mmoja wa mkonge.

"Umelipata wapi kopo zuri hivi?" mama yake akamwuliza.

"Nimelinunua gulioni, mama."

Bi Semeni aliwaita majirani waje watazame. "Mwanangu kanifikiria mpaka njiwa zangu!" Wakaja, wakasifu. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kopo. Nililisugua kwa mchanga na majivu mara mbili, maana lilikuwa na harufu ambayo niliidhania ya mafuta ya taa, na kuanzia hapo kila alfajiri, nikishasali, nililijaza maji kwa mikono yangu na kulipindua juu ya sahani yake.

Siku ya nne Sharifu alianguka kutoka juu ya paa. Nilikuwa nachambua mchele. Alipigapiga mbawa chini, shingo ikapinda mpaka kichwa kikageukia mgongoni, akatulia. Bi Semeni alimwokota, akamfungia katika kanga yake, akakaa naye mapajani mpaka adhuhuri. Kesho yake wakafa wawili. Keshokutwa watatu, mmoja akiwa juu ya mayai yake.

"Kideri," alisema jirani yetu Bi Mwanjaa, mwanamke wa Kidigo aliyekuwa na jibu la kila jambo. "Kideri kimeingia mtaani."

"Kideri gani kinachochagua?" Bi Semeni akamjibu. "Mbona kuku wazima?"

Kweli, kuku walikuwa wazima. Walikuwa wakinywa kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, chini ya mpapai, wakichakura kama kawaida yao. Bi Mwanjaa akawatazama kuku, akawatazama njiwa juu, kisha akauliza taratibu, "Njiwa nani anawapa maji?"

"Mwanamwema," akasema Bi Semeni.

Bi Mwanjaa alifunga kanga yake vizuri na kuaga. Jioni ile nilipokwenda kuchota maji bombani, wanawake walinipisha mstari mzima nichote wa kwanza. Heshima ya namna hiyo sijawahi kupewa tangu nizaliwe, na niliondoka kabla ndoo yangu haijajaa.

Baada ya hapo mambo yakawa hadharani. Nikipita, watoto huitwa ndani. Bi Semeni akaacha kula nilichopika. Akawa anajichemshia muhogo wake mwenyewe kwenye kisufuria kidogo. Mimi nikaendelea kuwajazia njiwa maji, maana nilisema moyoni kwamba nikiacha ndiyo nitakuwa nimekiri. Njiwa wakaendelea kufa. Massoud usiku alinigeuzia mgongo, lakini niliona ni uchovu tu, maana siku hizo walikuwa wakipiga dawa mbali, huko Tongoni.

Walipofika kumi na tisa, siku ya Jumanne, Bi Semeni alitoka barazani akasema kwa sauti ya kusikika nyumba tano. "Nitasoma Halbadiri! Aliyezimaliza njiwa zangu, awe wa ndani, awe wa nje, impate huko huko aliko!"

Mtu wa pwani akisikia neno hilo hakai sawa. Halbadiri haimtaji mtu. Mwalimu na wanafunzi wake wanasoma majina ya masahaba waliopigana vita vya Badri, udi unafuka, na dua inatumwa imtafute mwenye kosa mahali alipo. Wapo waliovimba matumbo. Wapo waliookota makopo njiani wakizungumza peke yao. Mwizi akisikia tu kwamba inasomwa, hurudisha hata sindano. Mwalimu Uweso, wa chuo cha Kurani cha mtaani, alikubali kuja Ijumaa, baada ya sala.

Na mimi nilifurahi. Sijui kama mtu anaweza kunielewa. Siku kumi nilikuwa sina pa kusemea, na sasa alikuwa amepatikana shahidi asiyedanganywa na Bi Mwanjaa wala na mtu yeyote. Jumatano jioni, Massoud akiwa ametoka kazini, nilipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, naomba isomwe. Na jina langu litajwe la kwanza. Kama ni mimi, nisifike Jumamosi."

Bi Semeni alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni tangu Sharifu afe. Akanyoosha mkono, akanivuta ushungi uliokuwa umeteleza, akanifunika kichwa. "Haya," akasema. "Ijumaa tutajua." Lakini sauti yake ilikuwa imelegea, na niliona wazi kwamba ameanza kutoamini kuwa ni mimi.

Massoud alikuwa anakula. Aliliweka tonge sahanini, akanawa, akatoka nje.

Alhamisi asubuhi hakwenda kazini. Aliwaita wazee wawili wa mtaa barazani, na watu wakajaa, kwa sababu walikuwa wanasubiri jambo. Nikaitwa na mimi. Nilitoka na mikono yenye unga.

"Mwanamwema binti Kombo," akasema, macho yake kwenye mkeka, "nimekuacha talaka moja."

Kisha akamgeukia mama yake. "Basi, mama. Halbadiri isisomwe tena. Mtoto wa watu ataharibika bure. Nimeshamtoa ndani ya nyumba, inatosha. Nakuomba kwa maziwa yako."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee mmoja alisema kijana huyu ana huruma, wengine wangemwacha mchawi apatwe na lake. Nikapiga kelele. Sikumbuki kama niliwahi kupiga kelele vile kabla. "Isomwe! Mimi nataka isomwe! Mwiteni Mwalimu Uweso sasa hivi!"

"Anajikaza tu," akasema Bi Mwanjaa.

Bi Semeni alimwangalia mwanawe aliyemwomba kwa maziwa yake, na mama wa mtoto mmoja hakatai ombi hilo. Akasema isisomwe. Sheria inataka mwanamke akae eda kwenye nyumba ya mumewe. Bi Semeni alisema hatalala paa moja na mimi, na hakuna mzee aliyemkumbusha sheria.

Nilipokuwa nafunga nguo zangu, kupitia dirisha la chumba nilimwona Massoud uani. Alilitoa kopo juu ya sahani, akamwaga maji kwenye shimo la taka na kulifukia kwa mguu, akaingia na kopo chooni. Nikasikia limegonga chini ya shimo. Alitoka mikono mitupu, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Nilidhani anatupa kila nilichokigusa. Talaka ilikuwa haijanitoa machozi. Kopo lile lilinitoa.

Nikahamia Usagara kwa shangazi yangu. Ngamiani, tangu nilipotoka, hakufa njiwa hata mmoja. Watatu waliobaki walitaga, wakaangua, makinda yakaruka. Mtu akitaka ushahidi kuliko huo anatafuta nini tena? Habari ilinifuata Usagara kabla sijazoea hata njia ya kisimani.

Mwezi wa pili wa eda, kikosi cha dawa kilifika mtaa wetu. Tulitoa vyombo nje. Nilikuwa nimesimama na sufuria kichwani, nimejifunika, na mmoja wa wapiga dawa akaniangalia mara mbili. Alikuwa Timotheo, Mbondei wa Muheza, rafiki wa Massoud, aliyekula pilau ya harusi yetu.

"Shemeji! Ndiko uliko? Massoud kasema mmegombana tu."

"Aliniacha kwa ajili ya njiwa, Timotheo. Njiwa wa mama yake walikufa, wakasema nimewaloga."

Timotheo alishusha bomba mgongoni. Aliliweka chini polepole, kama mtu anayetafuta muda. "Njiwa si walikufa kwa lile kopo?"

"Kopo gani?"

"Shemeji, kopo la dawa. Makopo haya tumeamriwa tuyatoboe na kuyafukia, asichukue mtu. Yeye akachukua moja, anasema zuri, atampelekea mama. Nikamwambia, Massoud, dawa hii mpya si ile ya zamani, Muheza imemaliza paka. Akasema ataliosha vizuri. Halafu siku moja akaniuliza, tuko Tongoni, 'Timotheo, hii inaweza kuua njiwa?' Nikamwambia itaua njiwa na mwenye njiwa."

"Siku gani hiyo?"

Akafikiri. "Jumatano. Nakumbuka kwa sababu kesho yake hakuja kazini."

Nilishusha sufuria. Jumatano mchana alijua. Jumatano jioni alinikuta nimepiga magoti nikiomba isomwe, akaweka tonge lake chini. Alhamisi akaniacha. Watu wote waliona ameniokoa mimi na Halbadiri, na mimi mwenyewe, katika zile siku za kulia, niliwahi kumfikiria hivyo mara moja mbili, kwamba pengine alinihurumia. Alikuwa amejihurumia mwenyewe. Asiyejua hupatwa na Halbadiri kwa bahati mbaya, wanasema, lakini anayejua na akanyamaza haimwachi.

Sikungoja dawa ikauke ukutani. Nilivaa buibui la shangazi nikatembea mpaka Ngamiani, na laiti ningekutana na Bi Mwanjaa njiani ningemng'ata.

Niliwakuta wote wawili uani. Bi Semeni alikuwa anawarushia njiwa mtama, Massoud anaziba tairi la baiskeli.

"Shikamoo, mama."

Alirusha konzi nyingine ya mtama kwanza. "Marahaba."

Nikasema yote, nimesimama, bila kuvua hata viatu: kopo, amri ya kulifukia, Tongoni, Jumatano. Massoud aliendelea kukandamiza kiraka kwenye mpira kwa kidole gumba ingawa kilikuwa kimeshashika.

"Ni kweli, Massoud?" mama yake akauliza.

"Nilidhani limesafika," akasema.

"Na Halbadiri?" nikamwuliza mimi.

"Niliogopa, Mwanamwema." Akaangua kilio, mwanamume mzima, na kiganja mdomoni kama alivyokuwa akifanya anapocheka.

Bi Semeni alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Mtama uliokuwa mkononi ukamwagika wote, njiwa wakamzunguka miguuni. Nilisubiri. Kwa haki ya Mungu, nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya hilo tu, aninyooshee ule mkono kama siku ile aliponifunika ushungi, aseme mwanangu nimekukosea. Ningeyasamehe yote pale pale, na la mwanawe ningelisamehe.

"Nani mwingine anayejua?" akauliza.

"Timotheo."

"Huyo si wa mtaa huu." Alifikiri kidogo. "Eda yako haijaisha. Massoud akurejee leo, tumwite Mwalimu Uweso awe shahidi. Watu tutawaambia umetubu."

"Nimetubu nini, mama?"

"Maneno tu, mwanangu. Watu wanataka kuambiwa neno, wakishaambiwa wananyamaza."

"Basi na awaambie yeye. Barazani, palepale aliponiachia, na Bi Mwanjaa awepo. Aseme kopo lilikuwa lake. Nitarudi leo hii hii, na chakula cha jioni nitapika mimi."

"Watamfukuza kazi. Na mimi mtaa mzima utanicheka, mwanangu kaniulia njiwa zangu kisha akakaa ananitazama nalia."

"Na mimi, mama?"

"Wewe umeshasemwa," akasema. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anayeonyesha nguo iliyokwisha chafuka, basi isaidie kupangusia.

Nikamgeukia Massoud. Kutoka pale mpaka barazani ni hatua kumi na tano, nimezifagia kila siku, nazijua. Nikamwambia, "Simama, twende." Hakusimama.

"Wewe rudi tu, Mwanamwema," akasema. "Rudi tu, yataisha."

Niliondoka. Njiwa mmoja alikuwa anakunywa kwenye kigae cha kuku, chini ya mpapai.

Shangazi alitaka tuisome sisi wenyewe hiyo Halbadiri. Haki nilikuwa nayo, na mwalimu wa Usagara alikuwa tayari, hata udi alishataja wa aina gani. Nilikataa. Nilimwambia shangazi kwamba haisomwi kwa mtu anayejulikana. Ukweli ni kwamba akilini nilimwona Massoud anaokota makopo njiani anazungumza peke yake, na sikuweza. Ilibaki eda ya mwezi mmoja na siku chache. Mlango ukigongwa nilikuwa nainuka mimi kabla ya shangazi. Eda ikaisha, nikaoga, nikaanza kukaanga vitumbua.

Ni mwaka wa tatu sasa. Vitumbua vyangu vinajulikana Usagara, na wateja wangu wa kwanza kila asubuhi walikuwa watoto wa Anjela, mke wa fundi wa mkonge, watu wa bara waliohamia chumba cha pili. Anjela ni Mkatoliki, hajui Halbadiri wala Badri, na nilimpenda kwa hilo. Mwanawe mdogo, Luka, alikuwa anakaa juu ya kinu changu akisubiri kitumbua cha kwanza kitoke. Wiki iliyopita wapiga dawa walipita tena mtaani. Juzi kuku wa Anjela alikufa ghafla, shingo imepinda, na jana wakafa wawili.

Leo watoto hawakuja. Nilimwona Anjela amesimama mlangoni kwake, amemshika Luka mkono, na Luka anatazama kikaango.

"Anjela, leo hamli?"

"Tumekunywa uji, dada."

Hajawahi kuniita dada. Siku zote huniita Mwanamwema; nikajua ameshasimuliwa ya Ngamiani. Nikaacha mwiko nikasimama, maana niliona nyuma yake, uani, kopo refu la bati lililopinduliwa juu ya sahani.

"Anjela," nikamwambia, "hao kuku wako, nani anawapa maji?"

Akamvuta mtoto ndani, akafunga mlango.